Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya

Ndugu zangu, heri ya Krismasi, na Mwaka Mpya utukute sote wazima, wanaosherehekea na wasiosherehekea.

Kila ikifika Desemba huikumbuka Krismasi ya 1989. Siku ile, wiki chache tu baada ya kufunguliwa kwa Ukuta wa Berlin, uliokuwa umeugawa mji huo kati ya Mashariki ya kikomunisti na Magharibi, kiongozi wa okestra Leonard Bernstein aliongoza simfoni ya tisa ya Beethoven jijini humo, na pale palipoandikwa "furaha" wanakwaya wakaimba "uhuru". Ni neno moja tu lililobadilishwa, lakini mwili hunisisimka kila nikilifikiria.

Uhuru ule haukuzukia Berlin. Mwezi Juni Wapoland walipiga kura, na Solidarity, vuguvugu la wafanyakazi lililopinga utawala wa kikomunisti, ikazoa viti 99 kati ya 100 vya Seneti. Novemba, watu wa Prague, mji mkuu wa Chekoslovakia, walijaa uwanjani wakitikisa funguo zao juu, kuwaambia watawala kwamba saa ya kwenda nyumbani imefika. Jirani alimtazama jirani, akaona vifaru vya Moscow, yaani vya Umoja wa Kisovyeti, haviji, naye akathubutu. Naamini hicho ndicho kinachotangulia kuvuka mpaka, kabla ya katiba na sheria: habari kwamba kumbe inawezekana.

Habari hiyo ilifika mbali. Februari 1990 Benin iliketi katika Mkutano wa Taifa wa kujadili mustakabali wa nchi, mjini Cotonou, chini ya uenyekiti wa Askofu Isidore de Souza, na wananchi wakafuatilia mijadala redioni. Mwaka uliofuata Rais Mathieu Kérékou alishindwa uchaguzi, akakabidhi madaraka. Mwaka huohuo wa 1990 Mwalimu Nyerere naye alikuwa akiwakumbusha wenzake: ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji.

Togo nayo iliitisha mkutano kama wa Benin mwaka 1991, ila Rais Gnassingbé Eyadéma alibaki madarakani mpaka alipofariki mwaka 2005. Mkutano unaweza kuigwa. Kukubali kushindwa ni jambo jingine kabisa. Tena mabaya nayo huambukizana: wanajeshi walipindua serikali Mali mwaka 2020, Burkina Faso 2022, Niger 2023, nchi tatu zinazopakana.

Basi salamu zangu za pekee ziwafikie wanaoipitisha sikukuu hii gerezani kwa sababu ya kura au maandamano, popote walipo, na jamaa zao walioketi mezani leo pembeni ya kiti kitupu.