Tusiwafungie mlango wanaohoji wasioumwa

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji mwenzangu aliandika kwenye ukurasa huu kwamba watafiti wa afya wanaopita vijijini kwetu wanachezea fedha, kwa sababu wanaacha wagonjwa na kukaa kuhoji watu wazima wa afya. Sina ugomvi naye. Mimi mwenyewe nilisema hivyohivyo mwaka 2016, tena kwa sauti, nimesimama mlangoni kwangu na ufagio mkononi.

Wakati huo nilikuwa bado nafundisha shule ya msingi hapa wilayani Chemba. Ndio mwaka ulipoingia ule ugonjwa ambao mwanzoni haukuwa na jina: tumbo linajaa, macho yanakuwa ya njano kama binzari, miguu inavimba, mtu anatapika. Jirani yangu aliugua, yeye na watoto wake wawili. Mdogo, niliyekuwa namfundisha darasa la pili, hakurudi kutoka hospitali. Kwangu tulikuwa saba na hakuna hata mmoja aliyelalamika tumbo. Mhariri, kama umekulia kijijini unajua hilo lina maana gani. Watu walianza kunisalimia kwa mbali.

Basi akaja binti mmoja na dodoso lake. Alianzia kwa jirani, kisha akapiga hodi kwangu.

"Shikamoo mama. Naomba nikuulize maswali kidogo."

"Marahaba. Lakini hapa hakuna mgonjwa, mwanangu. Mgonjwa yuko pale."

"Ndiyo maana nimekuja, mama."

Nikaona naitwa mchawi kwa Kiswahili cha ofisini.

Alikaa kwenye kigoda zaidi ya saa nzima. Maji tunachota wapi? Kisima kilekile cha jirani. Mahindi tunayawekea dawa gani? Ileile, tulinunua duka moja tukagawana. Mbegu? Mboga? Hata mlenda wetu unatoka bonde moja. Kila jibu langu lilikuwa "kama jirani", nami nikawa namwonea huruma kwa kalamu anayoimaliza bure. Kumbe kila "kama jirani" ilikuwa inafuta kitu. Kijiji kizima kilishakituhumu kile kisima, wengine wakawa wanatembea mbali kutafuta maji mengine. Lakini kama ni kisima, sisi saba tungesalimika vipi?

Tulikoachana ni kwenye mahindi. Jirani alikuwa ameyaanika chini uani, akayapiga kwa fimbo ndani ya magunia, halafu kwa kuogopa wezi akayalundika chumbani wanakolala, yakiwa bado na ubichi. Kwangu mambo yalikuwa mengine, wala si kwa akili zangu. Mama mkwe wangu hakukubali mahindi yaguse udongo. Yalikaa kwenye kichanja mpaka aume punje moja ailize "ko!", na kabla ya kwenda mashineni alichambua zilizovunjika na zenye ukungu akazitupa. Nilikuwa namcheka kwamba anachagua mahindi kama mchele wa sikukuu. Tena yetu yalikobolewa, wakati jirani anakula dona.

Hapo hapo ndipo ningeharibu. Ningeachiwa mimi, ningetangaza kwenye mkutano wa kijiji kwamba dona linaua. Lakini nyumba ya tatu kutoka kwangu walikula dona mwaka mzima na hawakuugua. Mahindi yao yalikuwa makavu, tena ghalani. Nyumba moja haikupi jibu, ndiyo maana binti yule hakuishia kwangu.

Mwanangu aliyekuwa anasoma chuo hapo Dodoma mjini alinisomea habari za Kenya. Mwaka 2004, zaidi maeneo ya Makueni na Kitui, waliugua ugonjwa kama huo watu 317 na 125 wakafa. Wachunguzi waliwahoji wagonjwa 40 na wasioumwa 80, yaani wazima wawili kwa kila mgonjwa. Wakakuta kwamba waliougua ndio hasa waliokuwa wameweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba. Wangewahoji wagonjwa peke yao wangeambiwa kila mmoja alikula ugali. Na ukanda ule nani hali ugali?

Na kwetu jibu likawa hilo hilo, sumukuvu: sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga, inayoharibu ini, na ambayo haiondoki kwa kupika. Mkoani kwetu na Manyara walihesabiwa wagonjwa 68, wakafa 20.

Nimeandika haya kwa sababu mwezi uliopita walipita vijana wenye dodoso la udumavu, na nyumba tatu mtaani kwetu zikawafungia mlango. Sababu? "Watoto wetu wana afya, nendeni kwa wenye shida." Hao hao wenye watoto wanaokua vizuri ndio waliokuwa wanatafutwa! Sasa wale vijana wataandika nini, wanachokula waliodumaa tu?

Ila na watafiti nao wana lao. Msimu uliofuata baada ya ule ugonjwa walikuja watu wengine, wakachukua kilo mbili za mahindi yangu kwenye mfuko wenye namba. Nikasaini karatasi ya ridhaa iliyosema nitaletewa majibu. Mama mkwe wangu, ambaye mahindi yale aliyachambua kwa mkono wake, kila alipoona gari geni likiingia kijijini alikuwa ananiuliza, "Wamesemaje kuhusu mahindi yetu?" Amefariki bila kujibiwa. Namba ya mfuko bado ninayo, nimeiandika nyuma ya kalenda.

Mwalimu mstaafu,
Chemba, Dodoma