Utafiti wa kemia ya mafuta uanze Mei, si Novemba

Mhariri,

Kila vyuo vikuu vinapolaumiwa kwamba tafiti zao zinaishia kabatini, jibu huwa lilelile: wanafunzi wa uzamili wapelekwe viwandani. Sawa, wapelekwe. Kwa kemia ya mafuta ya kula, hata hivyo, kuna swali linalotangulia: wapelekwe lini?

Alizeti ya Singida na Dodoma huanza kuvunwa kama mwezi Mei. Mwaka wa masomo huanza Oktoba au Novemba, kwa hiyo anayemaliza mwaka wa darasani huanza utafiti Novemba, akakuta mbegu zilizolala ghalani miezi mitano. Kama ziliwekwa na unyevu unaozidi asilimia 9 hivi, vimeng'enya vimekwisha kuyavunja mafuta na asidi huru (asidi za mafuta zilizoachana na mafuta yenyewe) imepanda. Anapima, anaandika kwamba mtambo wa kusafishia una kasoro, kumbe kasoro ni ya ghala. Vyuo viruhusu utafiti wa aina hii uanze Mei, na somo moja au mawili yaliyosalia yamaliziwe baadaye.

Asidi hiyo ni pesa. Tani moja ya mafuta ghafi yenye asidi huru asilimia 2, ikihesabiwa kama asidi oleiki, inahitaji kilo 2.84 za kostiki soda kavu kuiondoa, na viwanda huongeza kidogo juu yake. Kostiki ikipungua, asidi inabaki. Ikizidi mno inageuza hata mafuta mazuri kuwa sabuni. Mchanganyiko unakuwa mweupe kama maziwa, hautengani, na mwenye kiwanda anapoteza mafuta yake pamoja na masalia. Tasnifu inayouliza ni kostiki kiasi gani, ya nguvu gani na kwa joto gani kwa mbegu za Juni na kwa mbegu za Novemba, meneja ataigharimia. Ile iitwayo "Tathmini ya ubora wa mafuta ya alizeti" ataipongeza tu.

Halafu sampuli, ambako kazi nyingi huharibikia. Bomba la kuchukulia sampuli lina mafuta ya jana ndani yake: yamwagwe kwanza. Kwenye tangi, chukua juu, katikati na chini, kwa sababu maji na gamu (uchafu wa kunata utokao kwenye mbegu) hutuama. Tumia chupa ya kioo cha kahawia, ijae karibu na mdomo, ikae kwenye baridi, na peroksaidi (dalili ya mafuta kuanza kuchacha) ipimwe siku hiyohiyo. Chupa ya maji ya kunywa iliyosafiri kwa basi hadi chuoni inapima safari, haipimi kiwanda.

Peroksaidi yenyewe ina hila. Viwango vya Codex, vile vya kimataifa vya vyakula, vinataka mafuta yaliyosafishwa yasizidi miliekwivalenti 10 za oksijeni kwa kilo, na mafuta yaliyoharibika yanaweza kufaulu kipimo hicho bila shida: kwenye hatua ya kuondoa harufu, joto la nyuzi 200 na zaidi huvunja peroksaidi, namba ikashuka huku mazao ya uharibifu wake yakibaki. Mwanafunzi asiyepima pia anisidini, kipimo cha mazao hayo, atayasifu mafuta mabovu.

Matokeo ya chupa ya mililita 250 pia yasipelekwe moja kwa moja kwenye tangi la tani 5. Katika tangi kostiki huchelewa kusambaa na joto huchelewa kupanda na kushuka. Pipa la lita 100 lenye kikorogeo litumike kwanza.

Mkataba usainiwe kabla ya sampuli ya kwanza. Useme nani ni msimamizi upande wa kiwanda (mtu wa zamu za uzalishaji anafaa kuliko ofisa utumishi), takwimu zipi ni siri, na tasnifu inaweza kuzuiwa kwa muda gani ikiwa kuna hataza (haki ya uvumbuzi) ya kuombwa, maana kilichokwisha kutangazwa huweza kupoteza sifa ya kuwa kipya. Gharama za kemikali ziandikwe humohumo. Thiosalfeti, kemikali ya kupimia peroksaidi, ikiisha katikati ya msimu, chuo husema ni juu ya kiwanda na kiwanda husema ni juu ya chuo, na mbegu za Juni hazisubiri.

Wakemia wa mafuta,
Dodoma