Mjomba wangu hakuifikia mifupa ya Tendaguru: barua ya wazi kwa mwenye dhamana ya barabara, Berlin

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Nimekuandikia mara nyingi kwa njia ya kawaida, kwa fomu na kwa barua pepe, na kila mara jibu ni lile lile: ujumbe umepokelewa, unashughulikiwa. Leo nakuandikia mbele ya watu, tena kwa Kiswahili, kwa sababu wanaoumia ni pamoja na wageni wetu wanaotoka Lindi, Songea na Moshi kuja kuviona vitu vya kwao vilivyohifadhiwa katika mji huu. Nakala ya Kijerumani nimeileta ofisini.

Shida yangu ni njia ya miguu kutoka Humboldt Forum, jumba la makumbusho, hadi Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe na mambo ya asili, iliyopo mtaa wa Invalidenstraße. Ni kama kilomita mbili na nusu. Unatoka Humboldt Forum, yaani lile kasri la wafalme wa Prussia lililobomolewa mwaka 1950 na kujengwa upya juzi juzi, unavuka daraja la Schloßbrücke, unafuata Unter den Linden ukipita Chuo Kikuu cha Humboldt, unakata kulia Friedrichstraße, unapita chini ya reli, unavuka daraja la Weidendammer, unapanda Chausseestraße, halafu kushoto. Kwenye ramani hakuna kitu chepesi kama hicho.

Mtanzania anayefika Berlin ana sababu ya kuingia nyumba zote mbili siku moja. Humboldt Forum ina makusanyo ya kutoka Afrika Mashariki, na mwishoni mwa mwaka 2024 lilifunguliwa humo onyesho la historia ya Tanzania lililoandaliwa pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Tanzania. Ile nyumba ya pili ndiyo yenye mjusi wetu mkubwa, dinosaria aliyefukuliwa Tendaguru, mkoani Lindi. Urefu wake kwenda juu ni mita 13.27, na amesimamishwa humo tangu mwaka 1937. Watoto wa Berlin wanamjua kuliko watoto wa Lindi.

Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu kutoka Lindi vijijini. Alikuja kututembelea akiwa na nia moja, na hakuificha: amwone mjusi. Babu yake mzaa mama alikuwa mpagazi kwenye machimbo yale. Habari hizo zimesimuliwa kwao tangu yeye ni mtoto, kwamba mawe mazito yenye umbo la mifupa yalibebwa kichwani na begani kutoka kilimani Tendaguru hadi bandari ya Lindi, kiasi cha kilomita 60, kwa sababu mbung'o waliua wanyama wa mizigo na reli haikuwepo.

Naomba usiyapite haya haraka, Mheshimiwa, maana ndiyo kiini cha barua yangu. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, msafara wa makumbusho ya Berlin ukiongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig uliajiri mamia ya watu wa kusini. Wasimamizi wa kazi walikuwa wenyeji, na mmoja wao, Boheti bin Amrani, ametajwa kwenye kumbukumbu za msafara wenyewe. Waliochimba, waliosafisha mifupa, walioifunga kwa plasta na mianzi, waliobeba, wote walikuwa watu wetu, nao walikuwa wametoka kwenye vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 na njaa iliyofuata, ambayo iliua watu wengi kuliko risasi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa kuja Berlin. Zote zilipita miguuni mwa watu kabla ya kuona meli.

Sasa nikueleze yaliyompata mjukuu wa mmoja wao.

Tulitoka Humboldt Forum baada ya adhuhuri. Mjomba anatembea kwa fimbo, polepole, lakini anatembea. Unter den Linden tulipumzika kwenye benchi, akafurahi, akasema mji ni mzuri. Tukapita stesheni ya Friedrichstraße. Kuanzia hapo hatukuona benchi tena, isipokuwa viti vya mikahawa ambako lazima ununue kitu. Tulipovuka daraja, njia ikabanwa na jukwaa la mafundi wa ujenzi, na kwenye kile kipande kilichobaki zililala skuta tatu za umeme, moja ikiwa imekingama kabisa, mpini wake umeelekea ukutani. Watu wazima wenye nguvu waliziruka. Mjomba hawezi kuruka. Nilikuwa nimeshikilia mkoba wake na koti lake. Nikamwambia, "Subiri Mjomba, niiondoe." Alikuwa ameshageuka kupita pembeni.

Njia zenu za miguu zina vibao vikubwa vya graniti katikati na vijiwe vidogo vidogo vya kupanga pande zote mbili. Vijiwe vile vilikuwa vimefukuliwa na watu wa nyaya, vikarudishwa bila kushindiliwa. Ncha ya fimbo iliingia katikati ya viwili, ikanasa hapo hapo. Mpira wa fimbo ulibaki ardhini, fimbo ikatoka tupu, na yeye akaenda chini kwa mkono. Nilisikia kifundo kikivunjika. Kijana mmoja alituitia gari la wagonjwa, na mama mmoja wa duka la maua akaleta maji na kumfunika kwa shuka. Nawashukuru. Wao walifanya kazi ambayo haikuwa yao.

Mjomba amerudi Lindi na mkono kwenye plasta. Mjusi hakumwona. Tikiti alikuwa nayo mfukoni. Umri wake na hali ya fedha yetu havituruhusu kusema atakuja tena mwakani.

Mheshimiwa, mji huu una sheria. Berlin ilipitisha Sheria ya Usafiri mwaka 2018, na mwanzoni mwa mwaka 2021 ikaongezwa sehemu nzima inayohusu waenda kwa miguu, mkajivunia kwamba hakuna jimbo lingine la Ujerumani lenye sheria kama hiyo. Mliandika mabenchi humo. Mliandika kwamba mtu avuke barabara kubwa kwa mara moja bila kukwama katikati. Septemba 2022 yakaja masharti mapya ya skuta za umeme, mkasema wenye kampuni watabanwa. Nimezisoma ahadi hizo zote, kwa Kijerumani, kamusi ikiwa pembeni, na nilizisadiki. Taa ya kuvukia ninayoipita kila siku bado inageuka nyekundu kabla mzee hajafika nusu.

Wala msiniambie kwamba mabenchi hayawezekani Friedrichstraße. Agosti 2020 kipande cha mita 500 hivi cha barabara hiyo hiyo, upande wa kusini wa Unter den Linden, kilifungwa kwa magari, kikawekewa viti na miti kwenye masanduku. Nilikaa pale na wanangu. Julai 2023 magari yakarudi na viti vikaondoka. Kwa hiyo viti vilikuwepo na mikono ya kuviweka ilikuwepo.

Mtumishi mmoja aliniambia kwa simu, kwa upole, kwamba tungepanda treni ya chini, mstari wa U6, ambao una kituo kinachoitwa Naturkundemuseum. Najua kituo hicho. Siku ile lifti ya kituo tulichokuwa karibu nacho ilikuwa imefungwa kwa mkanda, na ngazi zile kwa mzee mwenye fimbo ni hatari kuliko njia ya juu. Na hata lifti ingekuwa nzima, kwa nini mtu azuiwe kutembea? Mjomba alitaka kutembea. Alisema waziwazi kwamba mifupa ile ilitembezwa na babu yake, naye angependa kuifikia kwa miguu.

Nadhani tatizo liko hivi: serikali ya jiji inasema njia za miguu ni za wilaya, wilaya inasema fedha na sheria ni za jiji, wenye skuta wanasema mteja ndiye aliyeiangusha, na watu wa nyaya wameshahamia mtaa mwingine. Nadhani pia kwamba wanaopanga njia hii hawajawahi kuipita na mzee mkononi. Kama nakosea, nirekebishe hadharani, kama mimi ninavyokuandikia hadharani.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa nchi hii, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea mbele ya wajukuu wa mashujaa walionyongwa, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zao, akaahidi kuzileta habari hizo Ujerumani ili watu wengi zaidi wazijue. Tulilia siku ile, hata sisi tulioko huku. Wewe si Rais, wala sikudai umjibie. Lakini anayekuja kutoka kule kuzitazama habari hizo atazifuata kwa miguu juu ya njia unayoilinda wewe, na ahadi ya Songea inapita hapo, kwenye vijiwe vilivyolegea.

Nilikuwa nimeandika orodha ndefu ya madai. Nilitaka vibao vya kuelekeza kutoka nyumba moja hadi nyingine, na kimoja kiwe cha Kiswahili chenye majina ya watu wa Tendaguru. Nilitaka taa zenye muda wa kutosha, lifti zinazofanya kazi na faini kwa wenye skuta. Bado nayataka yote, na wenzangu wataendelea kuyadai. Lakini kwa leo nakuomba moja tu.

Kutoka daraja la Weidendammer hadi kona ya Invalidenstraße, ile njia ya miguu ishindiliwe, iachwe wazi, na iwekwe mabenchi. Ni kipande kifupi. Hakihitaji tume wala mshauri. Nakuomba kipande hicho, Mheshimiwa, kipande hicho tu, na nakuomba uniambie kitamalizika lini. Usiniandikie tena kwamba unashughulikia. Niandikie tarehe, nami nitampigia Mjomba simu siku hiyo hiyo.

Kwa heshima,

Mkazi na mlipakodi wa Berlin, mzaliwa wa Lindi