Mwanangu, mjibu yule daktari

Mwanangu Rehema,

Shuka nimezipata, ahsante. Ila juzi kwenye simu ulinikera. Ulisema kuna daktari usiyemjua kakuomba hesabu ya watoto wenye saratani waliopita wodini kwenu, hesabu tu bila majina, nawe hukumjibu. "Kwani atanilipa nini, mama?" Nilinyamaza kwa sababu chaji ilikuwa inaisha.

Ile saratani ya taya mnayoiita Burkitt unajua ilijulikanaje? Mwaka 1957, pale Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote nne, juu na chini. Burkitt hakuelewa kitu. Baadaye yuko Jinja, akachungulia dirishani, akaona mtoto mwingine kakaa na mama yake, uso umevimba vilevile. Mmoja ungesema bahati mbaya. Wawili?

Akapewa pauni 25 za utafiti. Pauni 25, Rehema! Akachapisha vikaratasi vyenye picha, akavituma kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misheni Afrika nzima: je, mnawaona watoto wa namna hii? Sasa mfikirie aliyeletewa kile kikaratasi. Yuko porini, daktari peke yake, foleni imefika nje, taa ya chemli. Burkitt hamjui, na malipo hakuna. Akaketi usiku akapekua madaftari, akajibu. Wengi walijibu hivyo.

Kwa majibu yao ramani ikaanza kujichora. Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wetu, Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda gari kuukuu la Ford lililonunuliwa pauni 250, wakazunguka maili 10,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, hospitali kwa hospitali. (Na Burkitt alikuwa na jicho moja tu tangu utotoni.) Wakaona ugonjwa uko kwenye joto na mvua, nyanda za juu zenye baridi haupo. Ndiko kwenye malaria.

Mwaka huohuo mtafiti Anthony Epstein alimsikia akihutubia London, akamwomba vinyama vya uvimbe. Burkitt angeweza kuvikalia. Akavituma kwa ndege kutoka Uganda, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakakiona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Ugonjwa ukaitwa kwa jina la Burkitt. Wale wa chemli majina yao huyakuti vitabuni, wala ya akina mama waliowabeba wale watoto. Hilo linaniuma kila nikilikumbuka.

Madaftari ya wodi si yapo kabatini? Kaa nayo jioni moja. Mjibu kabla hujapanda basi la Ijumaa, na ukija uje na betri ya simu yangu.

Mama yako,
Tanga