Sanduku la kidumbak halisomeki kwa dodoso

Mhariri,

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika muziki. Utafiti wangu ni upigaji wa sanduku, yaani besi ya uzi mmoja uliofungwa kwenye sanduku na mti, katika kidumbak, muziki wa ngoma wa Unguja ulio jamaa ya taarab. Miezi minane sasa, kila baada ya alasiri, nakwenda mtaa wa Ng'ambo, hapa mjini, kwa mzee mmoja fundi wa kulipiga. Wiki tatu za mwanzo hakuniruhusu hata kugusa uzi. Nilikaa nikitazama mkono wake ukiuvuta mti nyuma, uzi ukikaza, sauti ikipanda. Siku nilipopewa nikakosea, alinishika kifundo cha mkono akakirudisha mahali pake, kimya. Vidole vimeshaota sugu.

Chuoni nimeambiwa huo si utafiti, nilete dodoso mia moja. Nimuulize nani mia moja, na wapigaji wenyewe wanahesabika?

Sibelius Academy, chuo cha muziki kule Helsinki, Finland, humtahini mwanafunzi wa udaktari wa kisanii kwa matamasha yake pamoja na maandishi. Kuandika sikatai. Naomba tuachiwe kuchagua swali na njia, onyesho nalo lipewe alama. Na siku ya kutahiniwa mzee wangu awemo kwenye jopo, maana yeye ndiye atakayesikia nilipokosea.

Mwanafunzi wa uzamili,
Unguja