Usiwatumie hela hao jamaa wa jarida

Kaka kwema? Huku Mwanza tupo, dagaa wamepanda bei ila tunaishi.

Ile imeili uliyonifowadia, ya jarida linalotaka dola ndo likuchapishie pepa yako ya utafiti, nimeisoma, nikacheka kwanza halafu nikaingiwa na wasiwasi maana naona umeshaanza kuulizia namna ya kutuma dola. Usilipe. Mtu anakuita Profesa Mashuhuri wakati masta yenyewe hujaidifendi, anakuahidi pepa yako ya sangara itatoka ndani ya siku tatu, sasa wahakiki wataisoma saa ngapi? Kwenye jarida la kweli mhariri anaangalia kwanza kama inawahusu, asipoirudisha hapo hapo anatafuta watu wawili watatu wa fani hiyo waisome, na mara nyingi hao hawalipwi hata senti, wana vipindi vyao na watoto wao, kwa hiyo miezi inapita na wewe unasubiri tu. Inaudhi lakini ndo kazi yenyewe.

Sisemi kila anayedai hela ni mwizi. Jarida ambalo msomaji analisoma bure lazima gharama itoke kwa mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mwandishi, Nature, lile jarida kubwa la sayansi, walivyotangaza bei yao mwaka 2020 ilikuwa yuro 9,500, we piga hesabu hiyo ni tofali ngapi Buswelu. Mwizi ni yule anayechukua hela na hasomi. Wachapishaji wengi wakubwa wana msamaha wa ada kwa waandishi wa nchi kama yetu, ila uombe pale unapotuma pepa, ukingoja mpaka ikubaliwe wengine wanakwambia umechelewa. Na kwenye majarida ya mtindo wa zamani mwandishi kwa kawaida halipi, analipa msomaji, ndo maana ile pepa ya watafiti akina Frans Witte ya 1992 kuhusu furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, walivyokwisha, data zimevuliwa hapa hapa Ghuba ya Mwanza, lakini uko Nyegezi unataka kuisoma tovuti ya jarida inakudai hela. Hiyo mimi inaniuma kuliko hata matapeli.

Sasa hao wako wanajisifia ISSN. Ile ni namba ya utambulisho tu, hakuna aliyepima kazi yao. Impakti fakta nayo, kile kipimo cha pepa za jarida zinavyonukuliwa na wengine, wamejiandikia, ile inayotambulika inatoka kampuni ya Clarivate. Ingia DOAJ, ile orodha ya mtandaoni ya majarida ya kusoma bure yaliyokaguliwa, utafute jina lao, na ulinganishe anwani ya tovuti herufi kwa herufi, kuna wajanja wanakopi jarida la watu mpaka nembo. Halafu chagua jina moja kwenye bodi yao ya wahariri umwandikie huyo profesa kwa imeili ya chuo chake, wengine hata hawajui kama wamewekwa humo. Angalia na AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, ilianza 1998 na sasa wapo Afrika Kusini, majarida ya kwetu yamo, hata Tanzania Journal of Science utaikuta.

Kama pepa umeshawatumia, waandikie leo leo kwamba unaiondoa na imeili uitunze, maana wakishaichapisha jarida jingine haliitaki tena. Wakikudai hela ya kuiondoa, usiwape hata hiyo. Supavaiza mwambie mapema, asije akasikia kwa watu.

Mzee wako nilimkuta Mwaloni Kirumba, anauliza unamaliza lini, nikamwambia akupigie mwenyewe.

Wako wa Igoma