Watoto waacheni wasaidie wanyama, ila muwaelekeze

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kuna wazazi mtoto akileta kapaka kachanga nyumbani wanamfokea na kukatupa nje, jamani hiyo inaniuma sana, kwa sababu huyo mtoto kafanya kitu cha maana, alichokosa ni maelekezo tu.

Mwambieni kapaka hakafai kupewa maziwa ya ng'ombe, yanakaharisha, na kanahitaji joto kwanza kabla ya chakula, akafunike na kitambaa halafu amwite mtu mzima. Kinda la ndege lenye manyoya linalorukaruka chini mara nyingi halijapotea, mama yake yuko karibu, aliache tu, afukuze paka basi. Bakuli la maji kivulini nalo anaweza, abadilishe kila siku.

Mbwa mgeni au aliyeumia asimguse kabisa, aje aseme. Akiumwa au kukwaruzwa, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni dakika 15 halafu hospitali hapohapo, kichaa cha mbwa dalili zikishatokea karibu kila mara kinaua. Na asifiche kwa kuogopa kuchapwa, mtoto anayeogopa fimbo hasemi.

Msomaji wenu